Kutengeneza na Kufunga Mkonga wa Hewa kwenye Land Cruiser ya Injini ya 1HZ

Injini ya dizeli huvumilia maji karibu kila mahali isipokuwa ndani ya silinda. Injini ya 1HZ, ambayo imo katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zinazofanya kazi za hospitali, mashirika na kampuni za utalii katika Afrika Mashariki, ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 katika silinda 6, na uwiano wake wa mgandamizo ni takriban 22 kwa 1. Ukipiga hesabu utaona kwamba pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki juu yake ni mililita 33 hivi, yaani kiasi cha vijiko viwili vikubwa vya mezani. Hewa hugandamizika, maji hayagandamiziki. Maji yanayozidi kiasi hicho yakiingia katika silinda moja wakati injini inazunguka, pistoni hukosa pa kwenda, na kinachosalimu amri ni konrodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ambayo hupinda au hukatika na pengine kutoboa bloku. Kwa maji machache kiasi hicho, gari zima linaweza kulala gereji kwa miezi.

Mkonga, yaani bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele, hupandisha mahali injini inapovutia hewa kutoka ndani ya fenda (bati la juu ya gurudumu la mbele) hadi usawa wa paa. Faida yake ya pili, ambayo kwa madereva wengi ni ya kila siku kuliko ile ya kuvuka mito, ni vumbi: katika barabara za kiangazi, gari linalofuata jingine hukuta vumbi zito zaidi karibu na magurudumu kuliko juu ya paa, na chujio la hewa linalovuta kutoka juu hukaa safi muda mrefu zaidi. Faida zote mbili hutegemea jambo moja ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu: kuanzia mdomo wa juu hadi kwenye injini, pasiwe na upenyo wowote. Bomba linaloonekana pembeni mwa kioo ndilo sehemu rahisi ya kazi hii. Ugumu umo katika viungo, hasa vile vilivyofichwa ndani ya fenda, na ninasisitiza kwamba mkonga unaovuja ni hatari kuliko kutokuwa na mkonga kabisa, kwa sababu humpa dereva ujasiri wa kuingia kwenye kina ambacho asingethubutu kukiingia, huku tundu lenyewe likiwa chini ya maji.

Anza na kilichopo

Kabla ya kununua bomba, fungua boneti na ufuate njia ya hewa kwa mkono wako, kutoka kwenye injini kurudi nyuma hadi kwenye kasha la ea klina, yaani kasha la chujio la hewa, kisha kutoka kwenye kasha hadi mahali linapoingia kwenye ukuta wa ndani wa fenda. Kwa mpangilio wa kiwandani, hapo ndipo hewa inapovutwa, na hapo ndipo mkonga wako utakapoungana. Toa chujio, safisha kasha, halafu likague kwa tochi ndani na nje. Angalia ufa kwenye plastiki au kutu kwenye bati, angalia raba inayozunguka kifuniko kama bado ni laini, na uhakikishe kwamba kila kibanio cha kifuniko kinabana kwa nguvu. Mara nyingi gari lililotumika miaka mingi huwa na kibanio kimoja kilichokatika na kufungwa kwa waya, na waya huo haubani sawasawa pande zote.

Chini ya kasha, magari mengi yana kipande cha raba chenye mdomo bapa, ambacho huachia vumbi na matone ya maji wakati injini imezimwa na hujifunga kwa mvuto injini inapokuwa inafanya kazi. Kipande hiki kikikakamaa au kikichanika, hakifungi tena, na hapo maji yana mlango wa chini uliokuwa hauonekani. Kibadilishe kwa kipya. Wako mafundi wanaokiziba moja kwa moja kwa silikoni, nami sikubaliani nao, kwa sababu maji ya mvua yanayopenya kutoka juu yatakosa pa kutokea na yatajikusanya chini ya chujio bila mtu kujua.

Kama kasha limechoka, litengeneze au tafuta jingine kwanza. Hakuna maana ya kufunga bomba zuri kwenye kasha linalovuja.

Upana wa bomba

Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye mikonga ya kutengenezwa nyumbani ni bomba jembamba. Injini ya mapigo manne huvuta ujazo wake mzima mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 3,800 kwa dakika, na tukikubali kwamba silinda hujaa kwa asilimia 85 hivi, injini ya 1HZ isiyo na turbo (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi) inahitaji karibu lita 6,700 za hewa kila dakika. Hewa hiyo ikipita kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 75 hukimbia kwa kasi ya mita 25 hivi kwa sekunde, na injini haisikii tofauti yoyote. Ukiipitisha kwenye bomba la milimita 50, kasi hupanda hadi mita 57 kwa sekunde, na kwa kuwa upinzani wa bomba hupanda haraka sana kadiri kipenyo kinavyopungua, injini hulazimika kuvuta kwa nguvu karibu mara 7 au 8 zaidi kwa urefu uleule. Matokeo yake ni moshi mweusi mlimani, joto na dizeli inayopotea bure.

Kwa hiyo chukua bomba la inchi 3 kama kipimo cha chini kwa injini hii, na kama injini imeongezewa turbo, chukua kubwa zaidi. Punguza kona kadiri unavyoweza. Kona mbili pana za nyuzi 45 hupitisha hewa vizuri kuliko kona moja kali ya nyuzi 90, na bomba lililopindwa kwa mashine likabonyea kwenye kona lina upana wa mahali palipobonyea, hata kama sehemu nyingine zote ni za inchi 3.

Bomba la nini?

Bomba la PVC la majitaka linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ni rahisi kukata na viungo vyake hufungwa kwa gundi bila kuvuja. Linafaa kwa sehemu ya nje inayopanda kwenye nguzo ya kioo, ilimradi ulipake rangi, kwani jua huifanya PVC kuwa kavu na kuvunjika kwa urahisi. Halifai kabisa ndani ya boneti. PVC huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi, na bomba lililolainika huku likivutwa na injini hubonyea au huchomoka kwenye kiungo chake. Tena PVC ikigongwa na tawi la mti hupasuka ghafla, mara nyingi kwenye kiungo.

Mimi napendekeza chuma. Mafundi wa bomba za moshi wana bomba la chuma la milimita 76 lenye unene wa milimita 1.5, wana mashine ya kupinda, na wana uzoefu wa kuchomelea bati jembamba bila kulitoboa. Kama uwezo unaruhusu, chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi, hasa kwa gari linaloishi Pwani. Ukitumia bomba la mabati, ondoa kwanza zinki kwenye sehemu zitakazochomelewa na ufanyie kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa zinki humletea fundi homa na maumivu ya kifua.

Uchomeleaji wote ukamilike kabla bomba halijafungwa kwenye gari. Ndani ya bomba husalia vipande vya chuma vilivyoruka wakati wa kuchomelea, na vipande hivyo vinapaswa kukwanguliwa, kupigwa brashi ya waya na kuoshwa mpaka kitambaa cheupe kipite ndani kikatoka bila chembe. Kisha jaribu kila mshono kwa njia ya zamani ya gereji: paka chokaa au chaki upande wa nje wa mshono, iache ikauke, halafu mimina mafuta ya taa ndani na usubiri kwa muda. Mafuta ya taa hupenya kwenye matundu ambayo macho hayayaoni, na palipo na tundu chaki hugeuka rangi. Panapoonyesha doa, chomelea upya. Ukimaliza, osha mafuta yote kwa maji ya sabuni na ukaushe, kwani injini ya dizeli haipaswi kuvuta mvuke wa mafuta.

Kutoboa fenda

Hii ndiyo hatua isiyo na kurudi nyuma, kwa hiyo itengee muda. Tengeneza kwanza mfano wa mkonga kwa katoni na vipande vya bomba la bei nafuu, uufunge kwa utepe wa karatasi wenye gundi mahali pake, kisha fungua mlango hadi mwisho, fungua boneti hadi mwisho, na ukae kwenye kiti cha dereva. Bomba lisiguswe na mlango wala boneti, na lisizidi upana wa nguzo ya kioo, maana kila sentimita inayochomoza humficha mwendesha baiskeli au mtoto anayevuka barabara.

Fenda ya mbele ya Land Cruiser hii imefungwa kwa bolti, na ukiitoa utaona vizuri kilichoko nyuma yake: nyaya za taa, mabomba, na mahali ambapo ukuta wa ndani una bati mbili zilizoungana. Usitoboe kwenye muungano huo. Chora duara, toboa katikati tundu la milimita 3, hakikisha limetokea ulipokusudia, ndipo uendelee na msumeno wa duara unaofungwa kwenye keekee. Asiye na msumeno huo anaweza kutoboa matundu madogo yanayofuatana kwenye mstari wa duara, kukata kilichosalia kati yake na kusawazisha kwa tupa. Kazi ni ndefu zaidi, lakini matokeo ni yaleyale.

Ukingo uliokatwa ni chuma kitupu. Upake rangi ya kuzuia kutu mara mbili, uuache ukauke kabisa, kisha uuvalishe mpira uliopasuliwa kwa urefu. Ukiruka hatua hii, kutu itaanza msimu wa kwanza wa mvua na kutambaa chini ya rangi ya fenda.

Viungo

Mahali mkonga unapopita kwenye fenda, chomelea kwenye bomba bamba la chuma la unene wa milimita 3 lenye matundu manne ya bolti. Kati ya bamba na fenda weka gasketi iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la lori, na upande wa ndani wa fenda weka bamba jingine la kupokea nati, ili bati jembamba la fenda lisibebe uzito peke yake. Kumbuka kwamba gasketi hii ni ya kutuliza mtikisiko na kuzuia tope. Njia ya hewa yenyewe haipaswi kuitegemea: bomba lipite moja kwa moja ndani ya fenda hadi kwenye kasha la ea klina bila kukatika. Baadhi ya mikonga hupeleka hewa ndani ya uwazi wa fenda tu na kuiacha ea klina ivute kutoka humo, na uwazi huo hujaa maji mara gari linapoingia mtoni.

Kati ya bomba la chuma na kasha tumia mpira wenye nyuzi au waya ndani yake, kwa mfano kipande cha mpira wa radiata ya lori au mpira wa silikoni wa turbo. Ubane kwa vidole: ukikunjika kwa urahisi mkononi, utakunjika pia injini itakapovuta kwa nguvu. Mwisho wa bomba uwe na ukingo ulioinuka kidogo, uliotengenezwa kwa mshono mwembamba wa kuchomelea na kusawazishwa, ili mpira usiteleze ukachomoka, na kila upande uwe na klipu mbili za skrubu. Silikoni peke yake bila klipu haitoshi, kwa kuwa mtikisiko wa barabara ya makorongo huibandua pole pole. Kwa viungo vya nje visivyohitaji kufunguliwa, gundi inayotumiwa na mafundi wa vioo vya magari hushika chuma vizuri na hubaki na unyumbufu.

Juu, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ina mfereji wa maji kando ya paa, uleule unaoshika keria. Funga kibanio cha mkonga hapo, na uweke mpira kati ya chuma na chuma. Hakuna sababu ya kutoboa nguzo ya kioo, ambako maji yatapata njia ya kuingia ndani ya gari.

Kichwa cha juu

Mdomo ukitazama mbele huingiza matone mengi wakati wa mvua kubwa, kwa hiyo kichwa kinachotazama mbele lazima kiwe na matundu nyuma ya kutolea maji. Kwa mkonga wa kutengeneza mwenyewe, ni salama zaidi kutumia kona inayotazama nyuma, yenye wavu wa chuma wa kuzuia wadudu na majani, na mdomo uwe mpana kuliko bomba ili wavu usipunguze hewa. Gari linalokaa kwenye vumbi siku nzima litafaidika zaidi na bakuli la kunasa vumbi kama lile la matrekta ya shambani, ambalo huzungusha hewa na kutupa punje nzito pembeni kabla hazijafika kwenye chujio. Maduka ya vipuri vya matrekta huliuza. Chagua linalolingana na mahitaji ya hewa tuliyoyahesabu hapo juu, kwa sababu bakuli la trekta dogo litaikaba injini ya lita 4.2.

Kupima uvujaji

Usiingie majini kabla ya hatua hii. Chomoa mpira mkubwa unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini, uzibe mdomo wake kwa kipande cha mbao kilichochongwa kwa kipimo na kubanwa kwa klipu, na uzibe pia bomba dogo la kupumulia la injini kama linaungana na mpira huo. Kisha kata kipande cha mpira wa ndani wa tairi chenye valvu yake, ukikaze juu ya mdomo wa mkonga kwa klipu, na upige pampu ya baiskeli kwenye valvu hiyo. Shinikizo la paundi 2 kwa inchi ya mraba latosha kabisa. Likizidi sana, vizibo huruka na kasha la plastiki linaweza kupasuka. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kila mshono, ukingo wa kifuniko cha kasha na kile kipande cha raba chini yake, ambacho kwa jaribio hili ukibane kwa vidole au kwa kibanio. Povu likitokea, hapo ndipo maji yangeingia. Tengeneza, pampu tena, paka tena, mpaka pasiwe na povu lolote.

Baada ya kurudisha kila kitu mahali pake, washa injini, iache kwenye mzunguko wa chini, na uufunike mdomo wa mkonga kwa ubao uliobandikwa mpira laini. Injini inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kunguruma, ina mahali pengine inapopatia hewa, na mlio mwembamba wa mvuto utakuelekeza palipo.

Rudia jaribio hili la ubao kila baada ya safari ya barabara mbaya na kila chujio linapofunguliwa kwa huduma. Klipu hulegea.

Yanayobaki chini ya maji

Mkonga haulindi kitu kingine chochote isipokuwa njia ya hewa. Difu (kasha la gia katikati ya ekseli) ya mbele na ya nyuma, giaboksi na boksi la 4x4 vina matundu ya kupumulia. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia tundu hilo au kupitia sili. Refusha matundu hayo kwa mpira mwembamba unaostahimili oili hadi juu ya ukuta wa injini. Siku inayofuata safari ya mtoni chunguza oili ya difu: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage ubadilishe. Feni ya radiata nayo hujipinda mbele inapopiga maji mengi, na turubai lililofungwa mbele ya grili hupunguza maji yanayoingia.

Kuhusu kina na mkondo, mkonga haubadilishi chochote. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 hivi yanaweza kusukuma gari kubwa, na gari lililozibwa vizuri huelea mapema zaidi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilisombwa na Mto Enziu katika Kaunti ya Kitui, Kenya, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukubwa wa gari haukusaidia. Pima kina kwa mti pale unapoweza kutembea kwa usalama, na kama huwezi kutembea kwa miguu kwa sababu ya nguvu ya mkondo, usiingie na gari.

Injini ikizima katikati ya maji, usijaribu stata. Vuta gari hadi nchi kavu, fungua ea klina na uguse chujio. Kama ni kavu, na ndani ya mpira unaokwenda kwenye injini pia ni pakavu, unaweza kuwasha. Kama kuna unyevu, toa plagi zote 6 za kupasha joto, zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya krenki mpaka maji yaishe kutoka kwenye matundu, ndipo utumie stata kwa muda mfupi huku plagi zikiwa bado nje. Chunguza kijiti cha oili kabla ya kuzirudisha: oili iliyopanda kiwango au iliyogeuka rangi imeshachanganyika na maji, na gari hilo liondoke hapo kwa kuvutwa.